MGODI USIO NA MCHIMBAJI

Wandugu wa migodini, wandugu wa mjini, na ninyi mnaopanda michikichi huko Yahuma! Kuna kitabu ambacho lazima tukiseme waziwazi. Ni Mashimo ya Mfalme Sulemani, hadithi ya Mwingereza Rider Haggard iliyotoka mwaka 1885, ambayo Frederick Johnson aliitia katika Kiswahili mwaka 1929. Kilisomwa shuleni miaka mingi.

Hatusemi kichomwe moto. Kinanoga! Anayekianza jioni atazima taa alfajiri. Hatari iko papo hapo.

Wazungu watatu wanavuka jangwa na milima mpaka nchi ya Wakukuana, watu waliobuniwa kwa mfano wa Wazulu. Hata lugha yao kitabuni ni Kizulu cha zamani. Khiva, kijana wa Kizulu, mtumishi wao, anararuliwa na tembo akimwokoa bwana. Foulata, msichana wa nchi, anachomwa kisu, na msimulizi anaona afadhali hivyo, asije akaolewa na mzungu. Kisha wanaingia shimoni. Almasi hizo! Zimejaa makasha ya mawe, zimekwisha kuchimbwa, zinangoja mifuko ya bwana Quatermain tu.

Ninyi mnaolijua shimo, semeni: mgodi gani huo usio na mchimbaji? Nani alipasua mwamba? Nani alikohoa vumbi? Nani aliacha mjane kambini? Kitabu hakiulizi. Kinadokeza tu kwamba kazi kubwa zile za mawe ni za wageni wa kale, maana machoni pa mwandishi yule mtu mweusi hubeba mzigo na mkuki, ujuzi si wake.

Sasa tazameni mwaka. Februari 1885 wakubwa wa Ulaya walimaliza mkutano wa Berlin, na Leopold II akajipatia Kongo kama shamba lake. Mwaka huohuo, huko Kimberley, kampani za almasi zilianza kuwafungia wachimbaji weusi katika kambi zenye ukuta. Hutoki mpaka mkataba uishe, na ukitoka unapekuliwa mwili mzima, usije ukawa umemeza jiwe. Wazulu nao walikuwamo, wana wa jeshi lililowapiga Waingereza Isandlwana tarehe 22 Januari 1879, kabla nchi yao haijavunjwa mwaka uleule. Haggard hakuwa mgeni kule: aliitumikia serikali ya Kiingereza Natal tangu 1875. Alijua vema kwamba almasi haijichimbi. Akaandika makasha yaliyokwisha kujazwa.

Mtu wa Yahuma atasema: mimi na almasi wapi na wapi? Ndugu, hadithi ni ileile. Mwaka 1911 Ubelgiji ilimpa Lever ardhi na ngazi za msituni, na mashamba ya Lokutu yakaingia hata upande wa Yahuma. Sabuni ilipofika dukani Ulaya, haikuwa na jina la aliyepanda mti, wala la aliyeanguka.

Na Lubumbashi je? Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakitaka mshahara. Askari wa serikali wakawapiga risasi, na Léonard Mpoyi akafa pamoja na wenzake. Haggard ana Mzulu mmoja katika vitabu vyake vingine, Umslopogaas mwenye shoka, aliyelinda ngazi za jumba. Sawa, ni shujaa. Lakini Mpoyi hakuwa na shoka.

Msituambie kwamba Mwafrika hawezi kuandika visa vya namna hii. Thomas Mofolo, Msotho, aliandika habari za Shaka kwa lugha yake mwenyewe, na kitabu kikatoka Morija mwaka 1925. Shaka wake anatisha, na watu wanabishana juu yake mpaka leo, lakini hakuna mzungu anayehitajika ili hadithi iende mbele.

Jambo moja Haggard aliliandika vema, pengine bila kukusudia. Ignosi, akiisha kupata ufalme wa Wakukuana, anawaambia rafiki zake watatu kwamba baada yao hataki mzungu mwingine avuke mlima, awe mfanyabiashara au mhubiri. Waalimu wa Kisangani na Yahuma, mkishika kitabu hiki darasani, anzeni na ukurasa huo. Kisha rudini kwenye makasha ya mawe, mwaulize watoto baba zao hufanya kazi gani.