Kiko cha gunzi kimenitoa jasho kwa bibi

Mimi huku Kyela nipo, joto lipo, mvua ipo, na mbu ndio usiseme. Leo nina kisa nilichokaa nacho moyoni wiki tatu nzima. Kinahusu kiko. Ndiyo, kiko, kile cha wazee. Usicheke kwanza.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Joni. Vijana wa leo mkisikia Joni mnadhani ni jina la mshikaji fulani. Joni ni Johannesburg, bwana. Enzi za mkoloni Wanyakyusa kibao walichukuliwa na Wenela, lile shirika la kuajiri watu wa migodini, wakaenda Afrika Kusini kuchimba dhahabu ya watu. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, haikupita muda serikali ikaufunga mlango huo. Babu akarudi na vitu vitatu: blanketi, baiskeli na kiko cha mti. Blanketi likaisha, baiskeli ikaliwa na kutu, kiko kikabaki.

Babu alipofariki, bibi alikifunga kiko kwenye kitambaa akakiweka sandukuni. Mwaka jana akaniita. "Mume wangu," akasema, si unajua bibi zetu wanavyotutania, "wewe ndiye umebeba jina lake. Chukua, kitunze."

Kitunze! Neno dogo hilo, wasomaji, lakini lilinishinda.

Kijana wa mjini na kiko cha Joni, unategemea nini? Nikaenda sokoni, nikanunua tumbaku ya kienyeji, nikatinga kijiweni pale stendi. Masela wakanishangilia ile mbaya: "Mzee wa Joni! Mzee wa Joni!" Nami kichwa kikavimba. Nikajaza tumbaku mpaka pomoni, nikashindilia kwa dole gumba, nikavuta kama treni ya makaa ya mawe inayopanda mlima. Ulimi ukawaka kama nimelamba pasi. Nikajikaza, mwanaume halii mbele za watu.

Siku ya nne nikasikia harufu. Si ya tumbaku, ya kuni. Kuangalia, ubavu wa kiko una doa jeusi linafuka moshi, na ufa umeshuka hadi chini. Jamani, nilihisi miguu si yangu. Kitu kilichotoka Joni, kikakaa miaka yote hiyo, mimi nimekimaliza kwa siku nne.

Jumamosi nikadandia gari hadi Matema. Nikajiambia nakwenda kutafuta fundi, lakini ukweli nilikuwa namkimbia bibi. Siku hiyo ni siku ya soko pale Lyulilo, Wakisi wanashusha vyungu vyao kutoka kwenye mitumbwi, ziwa limetulia, milima ya Livingstone imesimama juu yako kama ukuta. Chini ya mwembe nikamwona mzee mmoja mvuvi anavuta kiko taratibu, macho yake yako ziwani. Kiko chenyewe gunzi la mahindi! Gunzi hilihili tunalotupia mbuzi, limechomekwa kijiti cha tete.

"Ugonile, tata," nikamsalimia.

"Ndaga, mwanangu. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Nikamtolea maiti yangu. Akaigeuza, akachungulia ndani, akapitisha kidole pale pa kuumia meno. Akacheka hadi akakohoa.

"Huyu babu yako hakukivuta hiki. Mdomo hauna alama ya jino hata moja. Na ndani hakuna ukoko. Kiko cha mti kinataka ukoko wa masizi ndani yake, kama sufuria la ubwabwa. Ukoko ndio ngao ya mti. Wewe umeingiza moto kwenye mti mkavu, ulitaka ufanye nini kama si kuungua?"

Sikumwamini, lakini nikakaa chini kujifunza. Akachukua gunzi kavu, akalikata kipande kama urefu wa kidole cha kati, akatoa ule moyo laini wa katikati kwa kisu, akaacha kitako. Akatoboa tundu ubavuni, karibu na chini, akachomeka tete. Dakika kumi kazi imekwisha, na bei yake ni asante.

Halafu akanipa darasa la kujaza. Mara ya kwanza shindilia kwa mkono wa mtoto, mara ya pili kwa mkono wa mama, mara ya tatu kwa mkono wa baba. Vuta kidogo kidogo, kama unakunywa chai ya moto, na moshi uishie mdomoni. Kikipata joto mkononi, kiache kipoe.

Tangu siku hiyo nimepekua mambo haya na nimegundua kwamba mzee wa Matema hakuniuzia mbuzi kwenye gunia. Viko vya mti vya wazungu hutengenezwa kwa fundo la mzizi wa mti mdogo unaoitwa briar, unaoota kandokando ya bahari ya Mediterania. Fundo huchemshwa kwa saa nyingi, hukaushwa kwa miezi, ndipo huchongwa. Mji wa Saint-Claude kule Ufaransa umejenga jina kwa kazi hiyo. Kiko kizuri, lakini kinataka mvutaji mwenye subira, na pesa yake si ya mchezo.

Gunzi nalo lina historia yake. Kule Marekani, katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, fundi mmoja wa mbao mwenye asili ya Uholanzi, Henry Tibbe, alianza kuuza viko vya magunzi mwaka 1869. Alipaka plasta nje kuziba vitundu ili gunzi lisiungue upesi, na mwaka 1878 akapata hataza. Kampuni yake, Missouri Meerschaum, ipo hadi leo. Jenerali Douglas MacArthur aliposhuka kwenye ndege Japani mwaka 1945 kupokea ushindi, mdomoni alikuwa na kiko cha gunzi. Jenerali mzima! Sasa nani atamcheka mvuvi wa Matema?

Na sisi tusijidharau. Kule Sinya, kaskazini mwa Tanzania karibu na Amboseli, kulichimbwa jiwe jeupe jepesi liitwalo meerschaum, na kampuni moja ya Arusha ikatengeneza viko vilivyouzwa hadi Ulaya. Jina la viko hivyo? Kiko! Wazungu walikuwa wanatamka Kiswahili bila kujijua.

Kwa hiyo kwa anayeanza, gunzi ndiyo mwalimu. Halingoji ukoko, ladha yake ni safi tangu siku ya kwanza, linanyonya unyevu, na ukikosea likaungua, unatupa, unachukua lingine. Kosa halina gharama. Lile gunzi letu la kienyeji lisilo na plasta linaisha haraka, sikatai, lakini nani amewahi kulia msiba wa gunzi?

Haya, nikarudi nyumbani. Nikaenda kwa bibi, nikapiga magoti, nikafungua kitambaa. Nilitegemea machozi. Bibi akakitazama kiko kilichopasuka, akanitazama mimi, akaguna.

"Mume wangu, kile cha Joni babu yako alipigia picha tu. Alikuwa anaogopa kukiharibu. Alivuta magunzi maisha yake yote, nikimtengenezea mwenyewe hapo jikoni."

Nikabaki mdomo wazi. Kisha bibi akashusha sauti. "Na yale magunzi ndiyo yaliyompeleka. Alikohoa miaka miwili. Mwisho hata uji haukupita kooni."

Hapo wasomaji, ndipo kisa hiki kilipokaa moyoni. Nilikuwa nimejiandaa kuwaambia gunzi ni bora kuliko mti, na kwa kujifunzia ni kweli. Lakini koo halijui hili ni gunzi na hili ni briar. Tumbaku ni tumbaku. Moshi wa kiko unaleta saratani ya mdomo na koo hata kama huumezi. Sheria yetu ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo wadogo zangu mnaosoma hapa, mmesikia.

Mimi? Kiko cha Joni nimekifunga tena kitambaani, na ufa wake. Gunzi la mzee wa Matema limekaa dirishani, wiki ya tatu leo halijaonja moto. Bibi akipita huliangalia, halafu ananiangalia mimi, hasemi kitu. Nami naelewa.