Kabla ya kupaka gari seramiki, angalia vumbi, maji na kutu

"Bwana shamba, siku hizi umekuwa fundi magari?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja muuza mboga wa hapa Terrat. Alinikuta nje ya nyumba nikifuta boneti ya gari langu. Alikuja kuulizia mbegu za masika, lakini swali la pili lilikuwa la gari. Kijana wake ndiye anayeendesha Kirikuu yao ya kupeleka nyanya na kabichi soko la Kilombero. Ameona kwenye simu watu wakipaka magari yao seramiki nyumbani, na sasa anataka mama anunue chupa. "Nimpe hela?"

Nilimjibu asimpe kwanza, tukaangalie gari. Leo naandika sababu zangu, kwa sababu vijana wanaoniuliza jambo hili ni wengi, na mimi mwenyewe nimeshapaka nikakosea.

Tuanze na kazi yake. Seramiki ni kimiminika chenye silika, jamii ya kitu kilichomo kwenye mchanga na kioo. Ukiipaka, sehemu ya majimaji inaruka hewani na inayobaki inashikana na klia, lile tabaka linalong'aa juu ya rangi. Tabaka hilo ni jembamba mno, kwa kawaida mikroni 1 hadi 2, wakati unywele wa mtu una karibu mikroni 70. Likishika vizuri, maji yanakusanyika matone na kuteleza, tope halishiki sana, na kuosha kunakuwa rahisi. Hayo ni ya kweli.

Yasiyo ya kweli ni haya. Kwanza, ile alama ya 9H kwenye chupa haina maana kwamba gari halitakwaruzika. Ni kipimo cha ugumu kinachotumia penseli. Vumbi letu huku asili yake ni majivu ya Mlima Meru, lina chembe ngumu na kali. Ukilifuta kwa kitambaa kikavu, unapiga msasa gari lako, lenye seramiki au lisilo nayo. Pili, seramiki haizibi mikwaruzo. Ukipaka juu ya mikwaruzo, umeifungia ndani iking'aa. Tatu, haitibu kutu wala klia iliyobabuka.

Sasa kosa langu. Nilipaka saa saba mchana, uani, jua likiwaka. Bati la gari lilikuwa la moto, dawa ikakauka kabla sijaifuta. Nikabaki na michirizi kama mtu aliyepaka mafuta ya kula kwa kidole. Hiyo haitoki kwa maji na sabuni. Nilitumia siku nzima nyingine kuiondoa kwa polishi, na chupa ikawa imekwisha. Maelekezo ya kufanya kivulini yalikuwa kwenye boksi, mimi ndiye niliyeyapuuza. Kila msimu nawaambia wakulima wasome kibandiko cha dawa kabla ya kupulizia, halafu langu sikulisoma.

Kosa la pili lilikuwa maji. Maji mengi ya visima upande wetu huu yana chumvi zilizoyeyuka, pamoja na floridi ile tunayoijua kwa madoa kwenye meno. Tone likikauka juani, maji yanaondoka na chumvi inabaki doa jeupe. Seramiki inalifanya jambo hili lionekane zaidi, kwa sababu maji yanasimama matone badala ya kutandaa. Kwa hiyo mwenye gari lililopakwa anatakiwa kulikausha mara tu anapomaliza kuosha. Suuza ya mwisho tumia maji ya mvua kama simtanki yako inayo, maana hayana chumvi hizo. Madoa yakishatokea, pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha suuza mara moja.

Kama rangi ya gari lako bado ni nzima na umeamua kupaka, fuata hivi:

1. Mwaga maji mengi kwanza vumbi liondoke, ndipo uguse kwa sponji. Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya kusuuzia sponji. Anza juu, malizia chini.

2. Kausha, kisha vaa glavu nyembamba ya plastiki upitishe mkono taratibu. Ukisikia chengachenga, bado kuna uchafu ulioganda. Utolewe kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, huku sehemu ikiwa imelowanishwa.

3. Piga polishi kuondoa mikwaruzo. Hapa ndipo mng'ao unapotoka, hata kabla ya kufungua chupa.

4. Pangusa kwa alkoholi ya isopropili iliyozimuliwa na maji, mafuta yote ya polishi yatoke. Yakibaki, seramiki haishiki.

5. Fanya kazi kivulini, asubuhi, bati likiwa la baridi, mahali penye hewa lakini pasipo na vumbi linalopeperuka. Vaa glavu na usivute harufu ya dawa. Watoto wakae mbali.

6. Paka eneo dogo, kama nusu ya mlango. Pitisha kwa mlalo, kisha kwa wima. Subiri muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi dakika 1 hadi 3, ufute kwa taulo safi la maikrofaiba, kisha urudie kwa taulo jingine. Kagua kwa tochi kabla ya kuhamia sehemu nyingine.

7. Gari lisiguswe na maji kwa angalau saa 24, na sabuni isubiri karibu wiki moja. Ukiona wingu, ahirisha.

Hesabu hatua hizo: nne ni za maandalizi. Anayeanza akiruka hizo nne, chupa ya bei yoyote haimsaidii. Mwenye gari la familia, rangi nzima, na siku mbili za nafasi, ajaribu tu. Lakini kwa gari la kazi, msimamo wangu ni kwamba pesa ianzie chini ya gari, kabla ya kufika kwenye boneti.

Tulipoinama chini ya ile Kirikuu, tulikuta kutu kwenye sakafu ya nyuma, mahali mfuko wa CAN ulipopasukia msimu uliopita na mabaki hayakuoshwa. Mbolea za chumvichumvi kama CAN na Urea huvuta unyevu, na unyevu huo hula chuma. Samadi nayo ni hivyo hivyo, na maji ya nyanya zilizopasuka yana asidi. Sehemu moja ulikuwa ukibonyeza kwa bisibisi inazama. Hapo seramiki ingefanya nini?

Kwa bei ya chupa moja nzuri unapata zaidi ya mfuko mmoja wa kilo 2 wa mbegu bora ya mahindi, na ekari moja inataka kilo 8 hadi 10. Mama yule hakuwa na hela mbili. Alikuwa na moja, na masika hayasubiri.

Tulikubaliana hivi. Kijana aikwangue kutu, fundi azibe palipooza, apake praima na rangi. Turubai litandikwe kila wanapobeba mbolea, na sakafu ioshwe siku hiyo hiyo. Kwa mng'ao, apake waksi ya kawaida kila baada ya miezi miwili au mitatu. Akikosea na waksi, anafuta na kuanza upya bila hasara.

Kijana hakufurahi sana, nilimwona usoni. Nimemwahidi kwamba baada ya mavuno, kama sakafu bado nzima, aje kwangu asubuhi mapema tupake boneti pamoja. Kivulini.