Siku ya Basi na Kata Isiyoonekana Dirishani

Na Mpitanjia

Katika ratiba ya msafiri wa shanta, yaani mtu anayezunguka nchi kwa gharama ndogo, mizigo yake ikiwa mgongoni, akitegemea mabasi ya abiria badala ya magari ya kampuni za utalii, siku ya kuhama kituo huhesabiwa kuwa siku tupu, na mkoa wa Singida huumizwa sana na hesabu hiyo, kwa kuwa uko katikati ya safari za wengi na mwisho wa safari za wachache. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma na Manyoni hufika mjini Singida kabla ya kuendelea hadi Nzega, ambako huachana njia ya Mwanza na ile ya mpaka wa Rwanda. Barabara ya Arusha, ipitayo Babati na Katesh chini ya Mlima Hanang wenye kimo cha mita 3,417, huungana nayo mjini humo humo.

Kupita bila kutazama si desturi ya kale katika nchi hii. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilivuka Ugogo, ambako watawala walitoza hongo, wakati huo ikimaanisha ushuru wa kupita, kisha ikaingia katika Mgunda Mkali, pori lenye maji haba katika eneo la Manyoni ya leo. Kiongozi wa msafara alilazimika kujua kila kisima na kila mwenye kisima. Abiria wa leo, mwenye chupa ya maji miguuni na tiketi ndani ya simu, halazimiki kumjua yeyote, na pengine hapo ndipo anapopata hasara asiyoihisi.

Kanuni za usafiri nazo zimebadili matumizi ya siku. Zuio la mabasi kusafiri usiku kucha, lililowekwa miaka ya 1990, liliondolewa mwaka 2023, huku Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, maarufu kama LATRA, ikifuatilia mwendo wa mabasi kwa kifaa kinachofungwa ndani ya gari, ili dereva asizidishe kilomita 80 kwa saa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa mfanyabiashara wa vitunguu anayewahi soko na kwa mgonjwa anayewahi hospitali ya rufaa, lakini kwa msafiri wa shanta ulileta kishawishi cha kuokoa gharama ya gesti kwa kulala kitini, na hivyo kuvuka uwanda wote wa kati akiwa usingizini.

Anayesafiri mchana huona jinsi njia inavyoacha bonde la Bahi na kupanda ukuta wa magharibi wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, kisha mashamba ya alizeti, madumu ya mafuta yake yaliyopangwa kando ya lami, kuku wa kienyeji ndani ya matenga, na majabali ya matale yaliyorundikana kana kwamba kuna aliyeyapanga. Hata kusimama kwa ajili ya kuchimba dawa, kama abiria wanavyokuita kujisaidia porini, humweka msafiri juu ya udongo wa mahali kwa dakika chache, ingawa wenye mashamba ya jirani wana haki ya kulalamikia desturi hiyo.

Unyambwa haiko katika orodha ya vivutio hivyo vya dirishani. Ni kata ya Manispaa ya Singida, katika nchi ya Wanyaturu, ambao hujiita Arimi na ambao nyumba yao ya asili ni tembe, yaani nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa. Kwa ramani ni sehemu ya manispaa. Kwa basi la masafa haipo, kwa kuwa tiketi hutaja Singida tu, na kipande cha mwisho cha safari huachiwa bodaboda na bajaji. Hapo ndipo utaratibu unapokatika: Desemba 2023 nauli ya basi la daraja la kawaida ilipangwa kuwa shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita, kwa hiyo kilomita takriban 240 kutoka Dodoma zina bei inayojulikana, ilhali mwendo mfupi wa kutoka stendi hadi katani hutegemea ufundi wa kupatana, ambao mgeni hana. Ubao mmoja stendi, wenye majina ya kata na bei zilizokubaliwa na vyama vya madereva, ungefaa kuliko kongamano la utalii.

Ruhusa ile ile ya usiku ingeweza kuwa dawa. Aliyeondoka Dodoma alfajiri hufika Singida kabla ya jua kuwa kali, akapata mchana mzima wa kutembelea Unyambwa, kisha jioni akaunga basi linalotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Kikwazo kinachobaki ni kiti, kwa maana mwenye basi hupenda kumuuzia anayekwenda mwisho wa njia, na abiria wa kuunga huambiwa asubiri au alipe nauli nzima. Kwa kuwa tiketi sasa ni za kielektroniki, LATRA inaweza kuagiza kiti kinachoachwa wazi Singida kiuzwe hapo hapo, kwa bei ya kilomita zilizobaki.