KANU AMEINGIA BANDANI



Mwezi huu tuzungumze juu ya banda la kuku. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mama mmoja wa kijiji ninachokihudumia alijenga banda. Mimi ndiye niliyempa ushauri. Nilimwambia, "Mama, kuku wanahitaji hewa. Acha nafasi kati ya ukuta na paa." Akaacha nafasi ya upana wa kiganja. Baada ya wiki tatu akaniita. Nilipomwamkia hakuitikia, alifungua mlango tu. Matetea saba walikuwa wamelala chini, wamekufa. Aliyeliwa ni mmoja tu.

"Bwana Shamba," akasema, "hewa imeingia. Na mnyama ameingia."

Kuku wale walikuwa wa kumnunulia mtoto wake sare ya shule. Sikuwa na jibu.

Aliyeingia ni kanu. Kanu ni mnyama mwembamba mwenye madoadoa na mkia mrefu wa pete pete. Hutembea usiku. Hupanda miti na kuta kama paka. Kichwa chake kikipita kwenye tundu, mwili wote hupita. Akiwa ndani na kuku wakaanza kurukaruka, huua wengi kuliko anaoweza kula.

Watu wengi humsingizia mbwa wa jirani, na ugomvi huanza. Usigombane. Jioni nyunyiza majivu kulizunguka banda. Asubuhi tazama nyayo. Mbwa huacha alama za kucha, na nguchiro pia. Kanu huficha kucha zake, na nyayo zake ni ndogo kama za paka. Wewe uliyejifunza kusoma herufi, kusoma nyayo hakukushindi.

Sasa tufanye nini? Kuku wanahitaji hewa, hilo bado ni kweli. Kwa hiyo usiizibe nafasi ya juu kwa udongo. Weka wavu wa waya wenye matundu madogo. Kama huna fedha za wavu, suka fito za mianzi karibu karibu, uzipigilie misumari. Usizifunge kwa kamba za mgomba, kwa sababu hukauka zikalegea. Kata matawi yanayofika juu ya paa. Chini ya ukuta chimba mtaro, ujaze mawe na kushindilia udongo, maana wako wanyama wanaochimba. Kama banda liko juu ya nguzo, zungushia kila nguzo kipande cha bati. Kucha hazishiki bati.

Lakini kazi hiyo yote ni bure usipofunga mlango mapema. Kuku huingia wenyewe giza linapoanza. Wahesabu, kisha funga. Usiseme utafunga baada ya kula.

Fagia mabaki ya ugali na pumba. Mabaki huita panya, na panya humwita kanu. Mayai yaokote kila siku, kwani nguchiro huyafuata mchana.

Wengine huniuliza juu ya sumu. Usiweke sumu. Mbwa wako ataila, na mtoto anaweza kuigusa. Tena kanu huyo huyo, akiwa shambani, hula panya wanaomaliza mahindi yako. Simtetei sana. Namtaka akae huko huko shambani.

Wala usimshike kwa mkono. Mnyama wa porini anayekujia bila woga anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo upate chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Dalili za ugonjwa huo zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa.

Yule mama alisuka mianzi yake. Mimi nilimpelekea matetea wawili kutoka kwangu. Asubuhi moja aliniita tena, akanionyesha majivu. Nyayo zilikuwa zimelizunguka banda lote, kisha zimeelekea porini. Ndani kuku walikuwa wazima.

Sasa ana matetea watano na vifaranga. Sare bado haijanunuliwa.