Dar es Salaam Si Mahali pa Kusubiri Boti

Kila asubuhi watalii hushuka kwenye teksi katika barabara ya Sokoine, mabegi mgongoni, wakiwahi boti za Zanzibar. Ng'ambo ya barabara limesimama Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na wamisionari wa Kijerumani kuanzia 1897 hadi 1902. Karibu yake, kwenye kona ya barabara ya Morogoro, lipo Boma la Kale, jengo la mawe ya matumbawe lililojengwa miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanzisha mji mpya kando ya kijiji cha Mzizima. Wengi wa watalii hao hupanda boti bila hata kuvuka barabara.

Lawama ni ya wenyeji zaidi kuliko ya wageni. Utalii wa Tanzania umetangazwa miaka yote kwa Serengeti, Kilimanjaro na fukwe za Unguja, na jiji ambalo sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 likaachwa liwe pa kubadilishia ndege. Hata fuvu la Zinjanthropus, alilolivumbua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, linahifadhiwa Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Mgeni huenda mpaka Ngorongoro kuona lilikofukuliwa, wakati jijini alilala jirani nalo.

Utamu wa Dar umo mitaani, na mitaa huonwa kwa miguu, mapema, jua likiwa bado la kuvumilika. Kutoka Boma mtu akipandisha kuelekea Kisutu anakutana na mahekalu ya Wahindu, jamatkhana ya Waismailia na misikiti, vyote katika mwendo wa dakika chache. Mbele kidogo ni Mnazi Mmoja. Uwanja huo wenye miti, ambao mpita njia huudhania ni bustani tu, wakoloni waliuacha wazi makusudi ili kutenga makazi ya Wahindi, yaani Uhindini, na ya Waafrika. Kuuvuka leo bila kuulizwa na mtu ni historia tosha, ila hakuna anayemweleza mgeni.

Ng'ambo yake ni Kariakoo. Hapo, mtaa wa Lumumba, ndipo chama cha TANU kilipozaliwa Julai 7, 1954. Hapo pia lipo soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli miaka ya 1970, paa lake likibebwa na nguzo zilizotanuka juu mithili ya miavuli. Liliungua Julai 2021, likakarabatiwa. Madukani Mchaga na Mkinga wanapanga bei na mteja aliyetoka Lubumbashi, naye anajibu kwa Kiswahili cha kwao. Pembeni muuza kahawa amekaa na birika lake juu ya mkaa. Anamimina kahawa chungu kwenye kikombe kidogo cha kauri, anasogeza kashata, na walioketi kwenye benchi wanaendelea kubishana kuhusu Simba na Yanga. Mgeni akiketi hapo nusu saa ataijua Dar kuliko aliyelala wiki nzima hotelini.

Tahadhari zipo. Mikoba huporwa, kwa hiyo simu isishikwe ovyo kando ya barabara. Mtu aombwe ruhusa kabla ya kupigwa picha, na Ikulu na bandari zisipigwe kabisa. Haya si mambo ya kumfanya mtu asishuke garini.

La kuhofia zaidi ni kubomoa. Nyumba za kale za Uhindini, zenye roshani na majina ya wenyewe ukutani, zinaangushwa kupisha maghorofa, na nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zenye ukumbi katikati na ua nyuma, zimebaki za kuhesabu. Jiji linahitaji majengo, hilo halina ubishi. Lakini zilizobaki zilindwe kisheria na ziwekewe vibao vya maelezo, na anayezitunza apunguziwe kodi ya jengo.

Waongozaji nao watoke mitaa hiyo hiyo. Vijana wa Gerezani na Ilala wanajua bendi ipi ilipiga ukumbi gani, na wa Tandale na Manzese wanaweza kumpeleka mgeni ulikozaliwa muziki wa singeli. Wapewe mafunzo mafupi, kitambulisho kinachotambulika na bei iliyobandikwa wazi, ili mgeni ajue analipia nini.