Ugali Peke Yake Haukimbii

Kila Mkenya anaposhinda marathoni kubwa, hakosekani wa kutuambia kwamba siri ni ugali. Nyuma ya kauli hiyo kuna nyingine: eti kumpangia kila mwanariadha mlo wake mwenyewe ni anasa ya Wazungu, kwani kambi za Iten na Kaptagat zimetoa mabingwa miaka yote kwa sufuria moja.

Hoja hiyo ina ushahidi, tusiidharau. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake walichapisha utafiti wa wakimbiaji 10 wa Kenya wa kiwango cha juu, waliofuatiliwa kwa siku 7. Zaidi ya robo tatu ya nishati waliyokula ilitokana na wanga. Ugali ulichangia asilimia 23 hivi, sukari asilimia 20. (Bado sijamsikia mtangazaji akisema siri ni sukari.)

Lakini utafiti huohuo una takwimu ambayo wapenzi wa ugali huiruka. Wakimbiaji wale walikula wastani wa kilokalori 2,987 kwa siku huku miili yao ikitumia 3,605. Walikuwa wanakaribia mashindano, na kupungua kidogo wakati huo si ajabu. Ila wastani hautuambii nani alikuwa anajiweka mwepesi na nani alikuwa anashinda njaa. Njaa ya namna hiyo ikiendelea kwa miezi, msichana hukosa hedhi, mifupa hupata nyufa kwa mazoezi yaleyale aliyoyazoea, na mvulana naye homoni zake hushuka. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hiyo mwaka 2014.

Tazama meza ya jioni kambini: ugali, sukuma wiki, maharage, na chai ya maziwa. Kwa kijana mwenye damu ya kutosha, mlo huo hauna kasoro. Kwa msichana wa mita 5,000 anayepoteza damu kila mwezi, na ambaye akiba yake ya madini ya chuma iko chini, kikombe kile cha chai ni tatizo. Tanini ya majani ya chai huuzuia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye mboga na maharage. Hahitaji chakula cha kutoka ng'ambo. Anahitaji kupimwa damu, kuongezewa kipande cha nyama au maini, na chai yake aisogeze mbele saa moja au mbili. Lishe binafsi ndiyo hiyo, na imetoka katika sufuria ileile.

Vitabu vya lishe ya michezo navyo tusiviabudu. Kwa miaka mingi vimefundisha kwamba mkimbiaji akipoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake kwa jasho, kasi hushuka. Katika marathoni ya Dubai, mwaka 2009, Mwethiopia Haile Gebrselassie alipoteza karibu asilimia 10, akitoka jasho zaidi ya lita 3 kwa saa, na akashinda kwa muda wa 2:05:29. Kocha atakayewafanya vijana wake wote wakimbie hivyo atawafikisha hospitali. Atakayemnywesha mtu kama Haile kwa kufuata kitabu atamjaza maji tumbo bure.

Wauzaji wa vipimo vya vinasaba, wanaoahidi kukuandikia mlo kwa tone la mate, wameipaka matope lishe binafsi. Ushahidi wao bado ni mwembamba, na mwanariadha asianzie huko.

Na siku ya marathoni, mambo huwaje? Kila kilomita 5 kuna meza ya chupa za wakimbiaji wakuu, kila chupa na alama ya mwenyewe, na kinywaji kilichomo ameshakijaribu mazoezini. Berlin 2018, Eliud Kipchoge alipovunja rekodi ya dunia kwa 2:01:39, msaidizi wa kujitolea, Claus-Henning Schulke, alikuwa akiendesha baiskeli kutoka kituo hadi kituo ili amkabidhi chupa zake mkononi.

Gharama? Mizani ya nyumbani inatosha kwa kuanzia. Mkimbiaji aliyeondoka na kilo 58, akanywa nusu lita njiani, na akarudi baada ya saa moja na kilo 56.5, ametoka jasho la takriban lita 2. Mwenzake waliyekimbia naye bega kwa bega huenda ametoka lita 1 tu. Kocha mwenye daftari anaweza kuyajua hayo kabla chai ya asubuhi haijamiminwa.