KONA YA MWALIMU: Jina Hudanganya, Kilichomo Hakidanganyi



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuhifadhi picha za kale. Toleo lile lilipotoka, mama mmoja wa hapa Mayfair, mjane mwenye watoto watatu, alinijia na diski ya kompyuta aliyoifunga ndani ya kitambaa. "Mwalimu," alisema, "hii ni ya marehemu. Mwanangu asema imejaa michezo ya zamani, naye ataka kuipanga. Tafadhali msimamie asije akaiharibu." Kijana mwenyewe, wa miaka 14, alisimama nyuma ya mamake akitazama chini.

Wengi wenu mliokuwa Johannesburg miaka ya 1990 mtaikumbuka mashine ya Golden China, iliyouzwa sana katika nchi hii na kuchomekwa kwenye televisheni. Ilikuwa mwigo wa Famicom, mashine ambayo kampuni ya Nintendo ilianza kuiuza Japani mwezi Julai 1983. Kulikuwa na kaseti zilizojigamba kuwa na michezo maelfu kwa maelfu. Mtoto akiifungua orodha, akakuta michezo michache tu, mingine yote ni ileile iliyopewa majina mapya. Huo ndio ulikuwa udanganyifu wa majina, na kama mtakavyoona, haujaisha.

Marehemu aliipenda michezo hiyo. Mashine ilipokufa, aliikusanya michezo ndani ya kompyuta na kuicheza kwa emuleta, yaani programu inayoiga mwenendo wa mashine ya zamani. Tulipoifungua diski tulikuta faili zipatazo 3,000 katika folda moja. Mchezo mmoja ulikuwa na majina manne, na majina mengine hayakuwa na maana yoyote. Kuzikagua moja moja kungetumaliza mwaka.

Hapa ndipo penye somo. Jina la faili ni kama karatasi iliyobandikwa juu ya chupa: yeyote aweza kuibandua na kubandika nyingine. Lakini kompyuta yaweza kuisoma faili baiti kwa baiti, ikapiga hesabu maalumu, na kutoa alama fupi iliyo mfano wa alama ya kidole gumba. Hesabu iitwayo CRC32 hutoa alama yenye nafasi 8 za tarakimu na herufi. Ile ya SHA-1, iliyotangazwa Marekani mwaka 1995, hutoa yenye nafasi 40. Badili baiti moja tu, na alama haitakuwa ileile tena.

Chukueni mfano wa Super Mario Bros., mchezo wa mwaka 1985. Mchezo mzima ni baiti 40,960, pungufu kuliko picha moja ya simu za leo. Hata hivyo faili yake kwa kawaida huwa na baiti 40,976. Zile 16 za mwanzo ni utangulizi ulioongezwa ili kuieleza emuleta aina ya kaseti. Ndiyo sababu nakala mbili za mchezo uleule zaweza kuonekana tofauti, na programu nzuri hujua kuuruka utangulizi huo kabla ya kupiga hesabu.

Wako watu waliojitolea kuziorodhesha alama hizo. Kundi la No-Intro hushughulikia zaidi michezo ya kaseti, na Redump ile ya diski za CD. Programu ya kupanga hulinganisha faili zako na orodha yao, kisha huipa kila faili jina lake la haki. Sisi tuliitumia Igir, ambayo ni ya bure. Haina vitufe vya kubonyeza. Huandikiwa amri kwa maneno, hivi:

igir copy report --dat orodha.dat --input zamani --output mpya

Maana yake: nakili, kisha toa ripoti, orodha ni hii, chukua kutoka folda ya "zamani", weka katika folda ya "mpya". Amri ya namna hii yafanana na sentensi ya sarufi: kitenzi kwanza, kisha yambwa zake. Nilipomweleza kijana hivyo, alicheka, akaielewa.

Nami sasa nakiri kosa langu. Kwa uvivu wa uzee nilitaka tuipange folda ya marehemu papo hapo, bila kuinakili, na kuongeza kitenzi "clean", kinachofuta kila faili isiyotambuliwa mahali pa kupangia. Kijana alinizuia kwa adabu: "Babu, tuongeze --clean-dry-run kwanza. Itatuonyesha tu kitakachofutwa, haitafuta." Nikakubali.

Orodha ilipotokea, faili 27 hazikuwa michezo kabisa. Majina yake yalikuwa tarehe tu. Tulifungua moja, na chumba kikajaa sauti ya marehemu akiwasimulia wanawe jinsi alivyoondoka Tanga, akiwatajia majina ya babu zao mmoja baada ya mwingine. Mamake aliacha kuosha vyombo, akaja akaketi. Hakuna aliyejua kwamba alirekodi maneno yale. Kwa programu zilikuwa takataka, kwa kuwa hazikuwamo katika orodha yake.

Basi shikeni mambo matatu. Nakilini diski nzima kwanza, na nakala iwekwe nyumba nyingine. Folda ya kupangia iwe mbali na folda ya asili, na kitenzi kiwe "copy", si "move". Na amri yoyote ya kufuta itanguliwe na ile ya kuonyesha tu.

La nne ni la amana. Uzee wa mchezo hauufanyi kuwa mali ya bure. Sheria ya Hakimiliki ya Afrika Kusini, namba 98 ya mwaka 1978, pamoja na marekebisho yake, inazilinda programu za kompyuta. Kupanga ulichonacho kwa halali ni jambo moja. Kukusanya vya wengine na kuviuza sokoni ni jambo jingine. Nilimwambia kijana hivyo, naye amebakiza michezo ambayo kaseti zake zimo bado katika sanduku la babake.

Zile faili 27 sasa ziko mahali patatu, na kijana ameanza kuyaandika majina ya babu zake katika daftari.

Mwezi ujao, Inshallah, tutaeleza namna ya kuzihamisha kanda za sauti kwenye kompyuta. Zitoeni makabatini mapema.

Wassalaam,
Mwalimu wenu